"Sorry" ni pole au samahani?

SWALI: Mgeni wetu wa kazini, Mwingereza, alijikwaa kwenye ngazi. Nikamwambia "sorry", naye akanijibu kuwa si kosa langu. Kwani kumpa mtu pole ni kukiri kosa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hukukosa adabu hata kidogo. Kiswahili kina pole kwa aliyepatwa na samahani kwa uliyemkosea. Kiingereza kimeyabebesha yote mawili neno "sorry". Ukilitamka peke yake wakati mtu ameumia na wewe uko karibu, Mwingereza husikia samahani. Hata hivyo, maana yako ndiyo ya zamani: "sorry" limetokana na "sār", neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya maumivu, ambalo leo ni "sore". Wengi hulidhania kuwa ndugu wa "sorrow", lakini asili zao ni mbalimbali. Na huko Kanada, jimbo la British Columbia lilitunga sheria mwaka 2006 kwamba kusema "sorry" hakuhesabiwi mahakamani kuwa ni kukiri kosa.

Kwa aliyejikwaa, uliza "Are you all right?" Hiyo ndiyo pole yao ya papo hapo. Ukisimuliwa habari mbaya, sema "I'm sorry to hear that". Msibani, "I'm sorry for your loss". Hapo hakuna atakayedhani umehusika.

Penye hatari ni "for". "I'm sorry for being late" ni kuomba radhi kwa kuchelewa, na kitenzi kinachofuata "for" lazima kiishie na "-ing". Lakini "I feel sorry for you" ni kumwonea mtu huruma; ukimwambia usoni anaweza kuona unamdharau. Mfiwa usimwambie hivyo kamwe.

"Pole na kazi" usiitafsiri. "Sorry for the work" itamfanya mtu ajiulize kazi hiyo imeharibika wapi. Aliyetoka safarini naye muulize tu "How was your trip?"

Ukitaka kupita katikati ya watu, tanguliza "excuse me". Ukishamkanyaga mtu, ndipo useme "sorry". Na "Sorry?" ya kupandisha sauti mwishoni si pole wala samahani: ni kumwomba mtu arudie alichosema.