Usifunge ile meza ya mama sokoni sababu ya alama 17!

Unasema mama ana miaka 71, amepata 17 juu ya 30 kwenye kipimo cha kumbukumbu, kaka yako wa Ubelgiji anataka aache soko la Kadutu akae nyumbani, tena unauliza kama wazee wa Ulaya wanakumbuka kuliko wetu na chakula gani kinasaidia. Salamu baadaye. Haya yalitukuta sisi, na makuta yalitoka mfukoni mwetu.

Ile karatasi ya 30 ni ya Wamarekani, ya 1975. Mama yangu walimuuliza kwa Kifaransa, na hakuingiaka kelasi. "Tuko msimu gani?" Akajibu wa mvua. Sifuri! Yule mwenye koti jeupe alikuwa anangoja prentan sijui otoni, misimu ya Ulaya, hapa hapa Bukavu. "Andika sentensi." Kalamu akaishika kama mwiko. "100 toa 7, toa tena 7", akanyamaza, wakati huyo huyo anauzishaka maharagwe, ukimpa dola kumi anakurudishia franka bila kugusa simu.

Tukafunga meza. Mtu amezoea kuamka saa kumi unamweka kwenye kochi, usingizi ukapotea, wakamwandikia diazepamu ya usingizi. Kwa mzee ile dawa inakawia mwilini, inarundikana, asubuhi anaamka bado amelewa nayo. Akaanza kuniita jina la marehemu dada yake. Na yule bwana wa koti jeupe bila haya: "Munaona? Si niliwaambia?" Tunaona nini wee, si dawa yako! Meza tukaiuzisha nusu bei tununue vidonge vya "kulisha ubongo", vilivyoshiba ni mfuko wa mwenye duka. Muuguzi jirani ndiye alituuliza anakunywa nini usiku. Tukapunguza polepole chini ya macho yake (usikate ghafla, inaweza kuleta degedege), kichwa kikarudi. Aliyenunua meza sasa anatuuzishia maharagwe kwa bei ya juu, tunacheka tu.

Ulaya? Mwaka 2010 watafiti Rohwedder na Willis walilinganisha Marekani, Uingereza na nchi 11 za Ulaya: unasomewa maneno 10, unayarudia, kisha tena baada ya dakika chache. Kwenye nchi watu wanaacha kazi mapema, wa miaka 60 na kidogo walikumbuka machache. Wataalamu wanabishana kama kazi ndiyo sababu, mimi kwa niliyoyaona sibishi. Na Ibadan, Nigeria, walitumia kipimo kinachomfaa asiyesoma na kinachouliza familia pia: Alzheimer mpya (ule ugonjwa wa kusahau) kwa wazee ilikuwa 1.15% kwa mwaka, kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis 2.52%.

Mama yako mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, si na mtu wa Paris. Chenji anarudisha sawa? Wadeni anawakumbuka? Kama hayo ndiyo yamebadilika, hapo mpeleke wapime tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, masikio. Ila leo hii, kabla kaka hajatuma dola, andika hapa dawa zote anazokunywa, hata zile za kununua pembeni bila ordonansi (karatasi ya daktari).