Skii ya kaboni imejipinda kama panga boi: kosa liko wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Kizota hapa Dodoma. Shemeji yangu anayeishi Innsbruck, Austria, ameniomba nimtengenezee kwa mkono jozi ya skii, vile vibao virefu vinavyofungwa miguuni kutelezea kwenye theluji, pana za theluji laini: urefu sentimita 185, upana wa katikati milimita 115, ziwe za kaboni. Alinitumia soli (plastiki ya chini inayoteleza), kingo za chuma, jora la kaboni yenye nyuzi za upande mmoja, na gundi ya epoksi. Kiini, yaani mbao ya ndani, nilikichonga kwa mninga mtupu. Ya majaribio imenishinda. Epoksi gramu 700 niliyochanganya saa nane mchana ilifuka moshi na kuganda koponi kabla sijaimaliza. Pampu ya vakyumu niliyoiunda kwa kompresa ya friji, ya kufyonza hewa kwenye mfuko wa plastiki unaofunika skii ili ikandamizike, inagota bar 0.87 (bar ni kipimo cha mgandamizo), haifiki 1. Na skii yenyewe ilipotoka kwenye kalibu ilikuwa imejipinda kama jani la panga boi. Nilikata kaboni kwa mshazari, chini ya kiini nikaielekeza kulia na juu nikaielekeza kushoto, nikiamini zitakamatana. Nimekosea wapi? Na je, niondoe kabisa faibaglasi ili iwe nyepesi zaidi?

JIBU: Fundi, hongera kwa kazi. Nianze na pampu, maana hiyo nzima kabisa, usiifungue. Mfuko wa vakyumu haukandamizwi na pampu, unakandamizwa na hewa iliyo nje yake. Pampu inaiondoa tu ile ya ndani. Dodoma tuko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo wa bar 0.88 hivi. Geji inayosoma 0.87 inakwambia umetoa karibu hewa yote iliyokuwemo. Ukiipeleka kompresa hiyohiyo Dar es Salaam itasoma karibu 1. Skii yako ina eneo la mita za mraba 0.22 hivi, kwa hiyo hata hiyo 0.87 inaikandamiza kwa uzito wa karibu tani mbili, na kwa epoksi ya kupaka kwa mkono unatosha. Ongeza vitu viwili tu: vali isiyoruhusu hewa kurudi, na mtungi mtupu kati ya pampu na mfuko. Umeme ukikatika usiku, mtungi huo ndio utakaoshikilia vakyumu mpaka urudi.

Kujipinda ndiko kwenye somo kubwa. Uzi wa kaboni hausinyai kwa urefu wake hata joto likishuka. Epoksi iliyo kati ya nyuzi inasinyaa, inapoganda na inapopoa. Kwa hiyo tabaka lenye nyuzi za upande mmoja linabaki vilevile kwa kufuata nyuzi, lakini linasinyaa kwa kukatiza. Ukilikata mshazari, linavuta skii kimshazari. La chini umelielekeza kulia, linavuta huku. La juu umelielekeza kushoto, linavuta kule. Kiini kimebaki katikati kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Na ungeyaelekeza yote mawili kulia, skii ingetoka kalibuni imenyooka, ukafurahi, kisha ingejisokota mara tu shemeji yako anapoikandamiza kwa uzito wake. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani mezani.

Dawa yake: kila upande wa kiini uwe na mishazari yote miwili, wa kulia na wa kushoto, tena yenye uzito sawa. Njia rahisi ni kununua faibaglasi ya pande tatu, ambayo imeshonwa kiwandani ikiwa na nyuzi za kwenda mbele, za kulia na za kushoto kwa pamoja. Chukua yenye gramu 600 hadi 750 kwa mita ya mraba. Tabaka moja chini ya kiini, moja juu. Hiyo faibaglasi ndiyo inayozuia kusokotwa. Jora lako la kaboni ulikate mikanda ya kunyooka, nyuzi zikienda kutoka ncha hadi mkia, upana milimita 100, mkanda mmoja chini ya kiini na mmoja juu. Piga mstari wa katikati kwa penseli kwenye kiini na uufuate. Mkanda ukihama sentimita 3 kutoka ncha hadi mkia, tayari umekwenda upande kwa nyuzi moja ya pembe. Ukiuvuta ukiwa umelowa, ndipo unapohama. Ubonyeze kwa kipande cha plastiki kuanzia katikati kwenda nje, usiuburute.

Kabla ya kulaumu kitambaa peke yake, weka pima maji kwenye kalibu, kwa kukatiza, kila baada ya sentimita 20. Kalibu ya plaiwudi iliyokaa juu ya meza iliyopinda hutoa skii iliyopinda kila mara, na kila mara upande uleule.

Sasa mpangilio wote, kutoka chini kwenda juu. Soli ya polietilini, na kingo za chuma zikiizunguka. Juu ya meno ya kingo, ukanda mwembamba wa mpira. Kisha faibaglasi, kisha mkanda wa kaboni, kisha kiini na kuta zake za plastiki pembeni, kisha mkanda wa kaboni, faibaglasi, na ngozi ya juu. Kaboni inakaa ndani, faibaglasi nje, na hilo si urembo. Kaboni inapitisha umeme. Ikigusana na chuma mahali penye unyevu, chuma kinaliwa na kutu haraka, na skii ni chombo kinachoshinda ndani ya maji. Faibaglasi ndiyo inayowatenganisha.

Huo ukanda wa mpira mafundi wengi wapya huuona mdogo, wakauruka. Fanya hesabu uone. Epoksi yako inaganda Dodoma kwenye nyuzijoto 30. Skii itatumika Austria kwenye 15 chini ya sifuri. Tofauti ni nyuzijoto 45. Ukingo wa chuma wa mita 1.8 unasinyaa karibu milimita 1 kwa tofauti hiyo, na kaboni iliyo juu yake haisinyai. Soli, kama ingeachwa huru, ingesinyaa zaidi ya sentimita moja. Vyote vimegandishwa pamoja, kwa hiyo mvutano huo wote unaishia kwenye gundi. Mpira unanyumbuka na kuupokea. Bila mpira, kingo huanza kubanduka kwenye ncha ndani ya msimu mmoja. Hapa kuganda kwa joto la kawaida kunakusaidia: anayegandisha kwa nyuzijoto 80 kwenye mashine ya kukandamiza anaanza na tofauti ya 95, mara mbili ya yako.

Soli nayo haishiki gundi kirahisi. Ina uso mmoja uliounguzwa kidogo kwa moto kiwandani ili epoksi iung'ang'anie. Uso huo usiushike kwa vidole. Ukitaka kuujua, dondoshea maji: yakitanda ndio huo, yakisimama matone matone umeugeuza.

Kuhusu epoksi kufuka moshi. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye kopo kwa kawaida ni wa gramu 100 kwenye nyuzijoto 25 hivi. Joto likipanda nyuzi 10, muda huo unakatika karibu nusu. Tena epoksi inatoa joto lake yenyewe inapoganda, na gramu 700 zikiwa zimerundikana koponi hazina pa kulitolea, basi zinajipika. Changanya gramu 150 hadi 200 kwa mara moja, koroga dakika 3 ukikwangua pembe za chombo, kisha mimina mara moja kwenye sinia pana. Agiza hadena (kile kigandishi unachochanganya na rezini) ya taratibu. Anza saa kumi na mbili asubuhi, na uwe umefunga mfuko kabla ya saa tatu. Ila Juni na Julai alfajiri hushuka chini ya nyuzijoto 15, epoksi inakuwa nzito kama asali na haipenyi kwenye nyuzi, hivyo subiri karakana ifike 20. Kwa skii moja utahitaji gramu 600 hivi kwa jumla.

Na tafadhali usipunguze hadena ili ikawie. Najua walikoitoa mafundi tabia hiyo: rezini ya poliesta, ile ya kutengenezea bampa za magari, ambayo hadena yake ni matone ya kuchochea tu. Epoksi si hivyo. Hadena yake inaungana na rezini na kuwa sehemu ya kitu chenyewe. Kama kopo linasema gramu 100 kwa gramu 30, pima kwa mizani ya kidijitali, 30 iwe 30. Ikipungua, skii itabaki laini milele.

Vumbi nalo ni adui, hasa upepo wa Agosti na Septemba. Piga deki jioni ya jana yake, funga madirisha, futa kiini kwa asetoni asubuhi.

Nije kwenye mbao, maana huko ndiko uzito wako uliko, na hili lisikupite. Kiini cha urefu wa sentimita 185, upana wa wastani sentimita 12, unene wa wastani milimita 7.5, kikiwa mninga mtupu kina karibu kilo 1.1. Cha msindano mkavu kina gramu 750 hivi. Cha paulownia, mti mwepesi wanaoupenda watengenezaji wa skii huko nje, hakifiki gramu 500. Ukiondoa faibaglasi yote unaokoa kidogo kuliko ambavyo ungeokoa kwa kutoka mninga hadi paulownia. Kwa hiyo usiutupe mninga, upunguze. Una sifa kubwa: ukishakauka hauchezi. Weka mistari miwili ya mninga, kila mmoja milimita 20, ikipita chini ya tundu za skrubu za vifungio vya buti kuanzia ncha hadi mkia, na iliyobaki iwe msindano usio na vifundo, vipande vya milimita 15 hadi 20, pete za mti zikipishana kimoja na kingine. Utapata kiini cha gramu 860 hivi. Mbao za msindano zikitoka Sao Hill kule Mufindi ziache karakanani zizoee ukavu wa Dodoma mpaka kipima unyevu kisome asilimia 8 hadi 10. Mkangazi uuache: nyuzi zake zimepishana, na ukipiga randa hadi unene wa ncha unang'oka vipande.

Unene: milimita 2 kwenye ncha na mkia, 11 katikati. Chonga polepole karibu na katikati. Ugumu wa skii unafuata umbali kati ya tabaka la chini na la juu ukizidishwa kwa wenyewe, hivyo kutoka milimita 10 hadi 11 ni ongezeko la karibu asilimia 21. Milimita moja tu. Na kwa kuwa umeongeza kaboni, ukiona mkono unasema ni ngumu mno, shusha kiini hadi 10.5 badala ya kuondoa faibaglasi.

Kwa hiyo jibu la swali la mwisho: usiiondoe. Kaboni inavunjika ikivutwa asilimia 1.5 hivi ya urefu wake, nyuzi za kioo zilizo kwenye faibaglasi zinastahimili zaidi ya asilimia 4. Skii ya kaboni tupu ikigonga jiwe chini ya theluji haitoi onyo. Na kwenye theluji ngumu iliyokanyagwa, skii nyepesi na ngumu namna hiyo inatetemeka na kurushwa. Kwenye theluji laini, hata hivyo, wepesi wa kaboni ni kitu kizuri sana, hasa kwenye ncha, ambapo kila gramu 10 zilizopungua zinahisiwa na mguu unapogeuza. Theluji mpya iliyo kavu ina kilo 50 hadi 100 tu kwa mita moja ya ujazo, wakati maji yana 1,000. Mtu anasimama juu ya kitu kinachokaribia kuwa hewa. Ndiyo maana skii hizi ni pana na ncha zake zimeinuka mapema kama mtumbwi: inua kuanzia sentimita 40 kabla ya ncha, taratibu, ifike milimita 60 hivi, na katikati acha upinde wa milimita 2. Mchezaji wa skii Shane McConkey alifuata mantiki ya skii za majini alipobuni Spatula, iliyotoka 2002 kwa kampuni ya Volant ikiwa imejikunja juu mwanzo hadi mwisho, na skii nyingi za theluji laini za leo zinatokana na wazo hilo.

Ukishaitoa kalibuni, iache siku 7 kabla ya kuitoboa. Tundu za vifungio ni biti ya milimita 3.6, kina milimita 9, na uweke kizuizi kwenye biti. Unapokata na kupiga msasa, vaa barakoa nzuri na glavu za naitraili, na usitumie grainda yenye matundu wazi karibu na swichi, kwa sababu vumbi la kaboni linapitisha umeme na linaunguza mota.

Kabla ya kufunga mzigo wa Innsbruck, weka kila skii juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 160, tundika ndoo ya maji ya lita 20 katikati, na upime imeshuka kiasi gani. Mbili hizo zisipishane zaidi ya milimita 2. Zikipishana zaidi, kiini cha mojawapo hakikupigwa randa sawa na mwenzake. Tengeneza ya tatu, uchague mbili zinazolingana.