Wageni wa Scrabble, Acheni Kukumbatia Q

Jamani, mliojiunga juzi na klabu yetu ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni, tuongee. Kila Jumamosi naona yale yale. Mtu ana Q kwenye raki, kile kibao cha kupangia herufi zako saba, tangu katikati ya mchezo, ameishikilia kama tiketi ya basi la mwisho, anangoja U. U zenyewe ni nne tu katika herufi 100. Mchezo unaisha, Q bado iko naye, mwenzake anaongezewa pointi 20. Halafu anakuja kwangu: "Mwalimu, leo sina bahati." Bahati imeingiaje hapo?

Nawaandikia kwa namba ili kesho mtu asiseme hakuambiwa.

1. Q haihitaji U. Anza na QI, nguvu ya uhai katika fikra za Wachina, neno pekee la herufi mbili lenye Q. Kisha yapo yale ambayo mtu wa Nairobi hana udhuru wa kuyasahau. QADI ni kadhi. TALAQ ni talaka. QIBLA ni kibla, FAQIR ni fakiri, SUQ ni soko la Uarabuni, na NIQAB, ile nikabu ya kufunika uso, unapishana nayo Eastleigh kila siku. Waingereza waliyaokota kwa Waarabu, nasi vilevile, kwa hiyo nusu ya kazi ulishafanyiwa nyumbani. QAT je? Ni miraa. Nimemwona dada mmoja ana Q, A na T mkononi, nafasi iko wazi kabisa, naye anarudisha herufi mfukoni. Nilipomuuliza kwao ni wapi, akasema Maua, kule Meru kwenye mashamba ya miraa. Maua! Nilitoka nje kwanza nikapunge hewa.

2. Kariri maneno ya herufi mbili kabla hujaniuliza habari za bingo, yaani kuweka herufi zako zote saba kwa mkupuo upate bonasi. Yako 127 katika orodha ya Collins, ile ya maneno yanayokubalika, tunayoitumia. Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2015, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, kilichozungumzwa sana ni jinsi Wanigeria wanavyoyatumia maneno mafupi. Nyinyi mnataka kuanzia kwa maneno ya herufi nane.

3. Panga herufi za raki kialfabeti, kisha jifunze kila kinachotoka humo. AEINRST inakupa RETAINS, RETINAS, NASTIER, ANTSIER, STAINER, RETSINA na STEARIN. Je, lazima ujue maana? Hapo huwa tunagombana hadi chai inapoa. Wanaosema maana ni mzigo humtaja Nigel Richards wa New Zealand, aliyechukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kujua kuzungumza Kifaransa. Sawa, lakini wewe si Richards, na mimi pia si yeye. RETSINA ilikataa katakata kukaa kichwani mwangu hadi nilipojua ni divai ya Wagiriki yenye utomvu wa msonobari. STEARIN inatokana na mafuta na hutengenezewa mishumaa. Hiyo STEARIN nina kesi nayo.

4. Sarufi ya Kiswahili iache mlangoni. Collins wana maneno yetu tele: UGALI, MATATU, SHAMBA, DUKA, UHURU, UJAMAA, hata MZEE. Ila wakishalichukua ni lao, na wingi wake wanautia S.

Mimi nilifunzwa hili hadharani. Yalikuwa mashindano madogo hapa mjini, mchezo wa mwisho, nikishinda naingia kwenye zawadi. Nachomoa herufi: U, G, A, L, I, S, T. Naanza mimi. Naweka UGALI katikati ya ubao, U ikiangukia mraba wa kuzidisha herufi mara mbili, jumla pointi 14, na nageuka kutazama kama kuna aliyeona uzalendo huo. S naibakiza kwa ajili ya bingo. Haikunipitia akilini kwamba S inaweza kukaa mwishoni pale pale. Ugali ni ugali, uwe wa sahani moja au wa sufuria ya matanga.

Mpinzani wangu, kijana wa chuo, akashusha STEARIN wima, S yake ikishika mkia wa ugali wangu. UGALIS 7, STEARIN 9, bonasi 50. Sitini na sita, na mchezo ndio kwanza umeanza. Sasa mimi, mwenye A ya Kiswahili kwenye cheti, nikasimamisha saa nikasema napinga. Na sikuipinga STEARIN, ambayo siku hiyo sikuwa naijua hata kidogo. Nilipinga UGALIS. Nikaenda kwenye kompyuta kifua mbele, hotuba nimeshaipanga: ngeli ya U-U, haina wingi, nani amewahi kusikia kitu kama hicho? Kompyuta ikaonyesha kijani: neno halali. Kijana akaongezewa 5 za kupingwa bure, na hakucheka, jambo lililoniuma zaidi.

Nilimkimbiza mchezo mzima na bado nikashindwa kwa pointi 3. Zile 5 zingenitosha. Usiku kitandani ndipo nikakumbuka kuwa S ilikuwa kwenye raki yangu tangu herufi ya kwanza kuwekwa, na nafasi niliyomfungulia ningeweza kuitumia mwenyewe. Kwa hiyo mkiona MATATUS au UJAMAAS ubaoni, mezeni mate muendelee kucheza. Juzi mmoja wenu kapinga UHURUS kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilitazama dari.

5. Saa ni dakika 25 kwa kila mchezaji, na kila dakika ya ziada inakukata 10. Gusa saa baada ya kuhesabu pointi zako, si kabla.

6. Raki isiyo na vokali si msiba. CWM ni bonde na CRWTH ni ala ya kale ya nyuzi, yote mawili ya Wales. NTH, TSK na BRR pia yanakubalika. Ila V jihadhari nayo: hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V, na C inalo moja tu, CH. Mfuko ukianza kuwa mwepesi, V iondoe mapema hata kwa pointi chache, au itaishia kuwa Q yako ya pili.