Mshahara wa mtoa tiba kwa vitendo: cha kwenye barua na cha mkononi

SWALI: Shikamooni wahariri. Nimehitimu tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mgonjwa au mlemavu amudu shughuli zake za kila siku, na ninaishi kwa wazazi, Makorora, hapa Tanga. Nina barua mbili za ajira. Hospitali binafsi ya Dar es Salaam inatoa 1,200,000 kwa mwezi: msingi 900,000, posho ya nyumba 200,000 na ya usafiri 100,000. Kituo cha watoto hapa Tanga kinatoa 950,000, yote msingi. Wote wanakata asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na wananilipia bima ya afya. Nadaiwa na Bodi ya Mikopo. Dar nimeonyeshwa chumba cha 150,000, na nauli itafika 2,600 kwa siku. Hapa nauli yangu ni 1,400. Mama anataka nibaki, kaka anasema pesa iko Dar. Nishike la nani?
Msomaji, Makorora

JIBU: Marahaba, binti. Hongera kwa barua zote mbili. Kabla ya kumjibu kaka, chukua kalamu, kwa sababu hizo namba za kwenye barua hutazishika mkononi hata mwezi mmoja.

Anza na Dar. NSSF asilimia 10 ya 1,200,000 ni 120,000. Kodi ya PAYE, ile ya mshahara anayoikata mwajiri, inahesabiwa baada ya kutoa mchango huo, kwa hiyo inayotozwa kodi ni 1,080,000. Posho za fedha nazo zimo humo. Wengi hudhani posho haiguswi na kodi, wakashtuka mwezi wa kwanza. Viwango vya Tanzania Bara viko hivi: 270,000 ya kwanza haina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na inayozidi milioni ni asilimia 30. Ukifika milioni kamili kodi yako ni 128,000. Wewe umezidi kwa 80,000, unaongeza 24,000, jumla 152,000. Inabaki 928,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 135,000. Mkononi: 793,000.

Sasa Tanga. NSSF ni 95,000, inayotozwa kodi ni 855,000. Hadi 760,000 kodi ni 68,000, na ile 95,000 iliyozidi inatozwa asilimia 25, yaani 23,750. PAYE yote ni 91,750. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya 950,000, ni 142,500. Mkononi: 620,750.

Kwenye barua Dar imezidi kwa 250,000. Mkononi imezidi kwa 172,250. Toa chumba 150,000, toa nauli ya siku 22, ambayo ni 57,200, na Dar unabaki na 585,800. Hapa Tanga toa nauli 30,800 na unabaki na 589,950. Tanga imepita kwa 4,150, na bado hujanunua godoro wala jiko. Mwenye nyumba naye kwa kawaida hadai kodi ya mwezi mmoja. Akitaka miezi 6 kwa mkupuo ni 900,000, ambayo utaitafuta kabla hujapokea mshahara wa kwanza. Wageni wengi wa mji huingia kwenye madeni hapo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo kaka yako huenda hajaliona. Mshahara wa msingi wa Dar ni mdogo kuliko wa Tanga. Malipo ya saa za ziada, ambayo kisheria ni mara moja na nusu ya kiwango cha saa, huhesabiwa kwa msingi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika nacho ni kwa msingi. Posho ni rahisi kupunguzwa kwenye mkataba mpya, msingi ni mgumu kuguswa. Waombe Dar wapandishe msingi hadi 1,050,000 na posho zishuke hadi 150,000. Jumla ni ile ile. Makato ya Bodi yatapanda kwa 22,500, lakini hiyo ni fedha inayolipa deni lako mwenyewe.

Kabla ya kusaini popote, uliza kwa maandishi: hii ni ghafi au ya mkononi? Mtu wa ofisini akikwambia kwa simu "milioni na laki mbili", hajasema kitu bado. Uliza pia kipindi cha majaribio kinalipwa kiasi gani, maana wapo wanaoita miezi 6 ya mwanzo "kujitolea" na kulipa posho ya nauli tu kwa kazi ile ile. Ukishaanza, baada ya miezi miwili nenda ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara hakuthibitishi kwamba fedha imefika kwenye mfuko, na ukigundua baada ya miaka mitatu utahangaika sana. Na kama mwajiri amechelewa kuanza kukata ya Bodi, ile fedha iweke kando. Si yako.

Ushauri wetu: baki Tanga, kwa sharti moja. Hicho kituo kiwe na mtoa tiba mzoefu atakayekaa nawe mezani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ukimketisha vibaya kwenye kiti, nyonga imeegemea upande na miguu inaning'inia, hatashika kijiko hata umfundishe mwaka mzima, na mhitimu aliye peke yake huchelewa kuligundua kosa hilo. Kama hakuna wa kukusimamia Tanga na Dar yupo, nenda Dar ukalipe hicho chumba. Hiyo ni karo ya kazi.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma, mtoa tiba, Muheza. Msingi wangu ni 1,000,000. Wakala wa benki ananiambia naweza kukopa na kukatwa hadi 400,000 kwa mwezi. Ni kweli?
Mtumishi, Muheza

JIBU: Ndugu, hapana. Utumishi wa umma una kanuni ya theluthi moja: makato yote yakijumlishwa, mkononi isishuke chini ya theluthi ya mshahara wa msingi. Yako ni 333,333. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 50,000. PAYE ya 950,000 ni 115,500. Bima ya afya asilimia 3 ni 30,000. Bodi ya Mikopo, kama bado unadaiwa, ni 150,000. Ada ya chama cha wafanyakazi tukiiweka asilimia 2 ni 20,000. Unabaki na 634,500, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 301,167, si 400,000. Nayo usiimalize. Ukiimaliza, mtoto akiugua huna pa kugeukia ila kwa wakopeshaji wa mtaani. Kama una uwezo wa kungoja, maliza kwanza deni la Bodi: siku likiisha, 150,000 inarudi mkononi kila mwezi bila kusaini fomu yoyote.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina ajira mchana, jioni nawatembelea wagonjwa wa kiharusi majumbani, Chumbageni hadi Pongwe. Natoza 25,000 kwa ziara, splinti, kifaa cha plastiki cha kushikilia kiungo, naiuza 40,000. Kila mwisho wa mwezi sioni faida. Pia kuna zahanati inataka kuniajiri Jumamosi. Kodi yake ikoje?
Mtoa tiba, Chumbageni

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Faida yako inaliwa na barabara na vipande vya plastiki.

Ziara ya dakika 45 ya Pongwe, ukijumlisha kwenda na kurudi, ni saa mbili. Hesabu kwa saa, usihesabu kwa ziara. Bajaji ikila 10,000, umefanya kazi kwa 7,500 kwa saa. Mgonjwa wa Chumbageni wa 25,000 hiyo hiyo, kwa mguu, saa moja yote imeisha. Weka bei mbili, ya mjini na ya nje ya mji, na nauli iandike peke yake ili familia iione. Wagonjwa wa upande mmoja wapange siku moja: watatu wa Pongwe Jumanne wanagawana nauli moja.

Kwenye splinti, bao la plastiki ya joto, ile inayolainika kwenye maji ya moto, la sentimita 45 kwa 60 hutoa splinti nne za kifundo cha mkono wa mtu mzima ukikata kila moja 20 kwa 25. Hiyo ni kwa karatasi. Mezani hutoka tatu, kwa sababu moja utaikata kabla ya kupima vizuri. Gawa bei ya bao kwa tatu, ongeza mkanda wa kunata na sponji ya ndani, kisha ongeza muda wako. Pima kwanza kwa karatasi ya gazeti: urefu ufike theluthi mbili za mkono kutoka kifundo kwenda kiwiko, upana ushike nusu ya mzingo. Mbele iishie kabla ya mkunjo wa kiganja, vidole vikunjike. Maji ya kuilainishia plastiki yawe nyuzi 65 hadi 75. Yakichemka plastiki inavutika na kuwa nyembamba, na hilo ni bao limepotea.

Hasara ya pili ni jua la Tanga. Splinti ikiachwa juu ya dashibodi ya gari au dirishani mchana, inajikunja, na familia inakurudia kuidai upya. Waambie siku ya kwanza, waandikie na kwenye kadi: ioshwe kwa maji ya vuguvugu kidogo tu, ikae kivulini, mbali na jiko. Matengenezo ya pili yawe na bei yake.

Kuhusu Jumamosi: zahanati ikikuajiri kwa mkataba wa ajira, hiyo ni ajira ya pili, na inatozwa PAYE asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Ile 270,000 isiyotozwa kodi unaipata kwa mwajiri wako mkuu tu. Wakikulipa kama mtoa huduma mwenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, watakata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukupa fedha, asilimia 5. Dai cheti cha zuio kila wanapokata, kwa sababu mwisho wa mwaka 5% hiyo inapunguzwa kwenye kodi yako, na bila cheti utalipa mara mbili. Kabla ya yote soma mkataba wako wa mchana, uone kama unaruhusu kazi ya nje.