Mwalimu mgeni, kabla hujatuma tangazo kwa wazazi

Ukipewa darasa katika shule ya msingi hapa Mombasa, siku hiyohiyo unapewa na kazi ya pili ambayo chuo cha ualimu hakikukufundisha: kuwaarifu wazazi. Kufunga na kufungua shule, mikutano, chanjo, pesa za uji, sare za michezo, vifaa vya Sanaa, yote yatapitia kwenye simu yako na kwenye shajara za watoto. Kwa mbali ni kazi ndogo. Lakini siku watoto kumi na mmoja watakapokuja na sare siyo, na mmoja akawa analia getini kwa kuwa amekuja siku ya likizo, utajua uzito wake. Na anayelia pale ni mtoto, ambaye hakuliandika tangazo wala hakulisoma.

Jiulize kwanza: nani atamtayarisha mtoto huyu kesho alfajiri? Nambari iliyoko kwenye rejista mara nyingi ni ya baba. Baba huenda yuko zamu ya usiku bandarini Kilindini, au yuko njiani na lori kuelekea Malaba. Mama huenda anafanya kazi Uarabuni. Anayechemsha chai na kutafuta soksi ni bibi yake kule Majengo, mwenye simu ya kabambe (ile ndogo ya vitufe), au shangazi, au dada aliye Gredi 8. Kwa hiyo wiki ya kwanza peleka nyumbani karatasi ya kuomba nambari mbili: ya mwenye kulipa na ya mwenye kumwamsha mtoto. Uliza pia kama simu hiyo ya pili ina WhatsApp. Kisha kwenye rejista weka alama kando ya kila jina: W kwa wa WhatsApp, S kwa wa ujumbe mfupi (SMS), K kwa anayehitaji karatasi mkononi. Kila tangazo la maana lipite njia zote tatu siku ileile. Ukitegemea kundi la WhatsApp peke yake, utakuwa unazungumza na nusu ya nyumba, na nusu iliyobaki ndiyo yenye shida zaidi.

Wako pia walezi wasiosoma vizuri, na wengine wanaona haya kusema. Usiwaulize mbele za watu. Kwenye kundi, kila ujumbe ulioandika ufuatishe na sauti yako ya sekunde ishirini au thelathini ukisema maneno yaleyale. Usiongeze jambo jipya kwenye sauti, maana hapo utakuwa na matangazo mawili yasiyolingana.

Sasa saa, ambayo ndiyo inayovuruga wengi. Shule inafundisha kwa saa za Kiingereza, barua za wizara zimeandikwa kwa saa za Kiingereza, na mama anaishi kwa saa za Kiswahili. Ukiandika “mkutano saa 2:00”, utapata kikundi cha kwanza asubuhi na kikundi cha pili baada ya chakula cha mchana, na kila mmoja yuko sahihi. Ukiandika “8:00” bila kitu kingine, wako watakaosoma saa nane mchana. Andika saa ya Kiswahili, sehemu ya siku, kisha tarakimu za saa ya simu kwenye mabano: saa 2 asubuhi (8:00), saa 9 na nusu alasiri (3:30). Vyote vitatu, kila mara, hata unapoona ni kurudia.

Usiku nao una mtego wake, hasa kwa mwalimu aliyetoka bara. Kwa Waswahili wa Pwani siku huanza jua linapotua. “Usiku wa Ijumaa” ni ule usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mwalimu akiandika “hafla ya usiku wa Ijumaa” akimaanisha Ijumaa yenyewe, wako watakaofika siku moja mapema na kukuta geti limefungwa. Andika “Ijumaa jioni, tarehe 12” na uache neno usiku kabisa. Tarehe nayo isitembee bila jina la siku. Mtu hukosea tarehe kirahisi, lakini siku na tarehe zikiwa pamoja na zisipopatana, mzazi mmoja atakuuliza mapema na utarekebisha kabla ya mambo kuharibika.

Kwa wenye kabambe, ujue mipaka ya ujumbe mfupi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi, unakatwa vipande vya 153, kila kipande kinalipiwa, na kwenye simu nyingine kipande cha pili hufika kabla ya cha kwanza. Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui: ile alama ya juu kwenye ng’ambo au ng’ombe. Ukiandika kwenye kompyuta kisha ukabandika kwenye mfumo wa kutuma ujumbe, kompyuta huwa imeigeuza kuwa alama iliyopinda, na hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za simu. Papo hapo nafasi yako inashuka kutoka 160 hadi 70, na ujumbe mmoja unakuwa vipande vitatu. Vikatuni vya uso vinafanya vilevile. Futa alama hiyo, uiandike upya iwe imenyooka, au tumia neno jingine.

Ujumbe unaotosha ni kama huu, wenye herufi 152:

Gredi 3: Jumamosi 13 Juni mkutano wa wazazi saa 4 asubuhi (10:00) ndani ya ukumbi. Aje mzazi au mlezi 1. Utaisha saa 6 mchana (12:00). Mwalimu wa darasa

Utazame kwa karibu. Darasa limetangulia, kwa sababu mwenye watoto watatu shuleni anataka kujua ni wa yupi. Siku na jambo vimekaa mwanzoni, kwa kuwa kioo cha kabambe kinaonyesha maneno machache tu kabla mtu hajafungua. Saa ya kumaliza imo, na hiyo ndiyo inayoachwa na walimu wengi. Mama mwenye meza ya viazi karai au mfanyakazi wa hoteli Nyali anaomba ruhusa ya saa kadhaa, na haombi ruhusa isiyo na mwisho. Hakuna “mnaombwa kuhudhuria bila kukosa kwani mkutano huu ni muhimu sana”. Maneno hayo yamekula nafasi na hayajamleta mtu yeyote.

Jumamosi saa nne si ya kubahatisha. Watoto wengi wako chuoni, yaani madrasa, asubuhi ya wikendi, kwa hiyo mzazi ana nafasi ya kupumua. Na kwa sababu hiyohiyo usiwaite watoto Jumamosi asubuhi bila kuuliza. Ijumaa kuanzia saa sita mchana usiweke kitu chochote cha wazazi, watu wanajitayarisha kwa swala. Jumapili ni ya kanisani. Mwezi wa Ramadhani usiite mkutano wa alasiri, wakati akina mama wako jikoni. Na likizo ya Idd iandike kwa sharti lake: “Mwezi ukiandama Alhamisi jioni, Ijumaa hakuna shule. Usipoandama, Ijumaa tuko shuleni kama kawaida, na likizo ni Jumamosi.” Sentensi mbili hizo zinakuokoa na simu arubaini za usiku.

Vifaa vya masomo ndivyo vinavyowachosha wazazi kuliko karo, na hapa tunasema wazi: kosa ni letu walimu. Ujumbe wa saa tatu usiku unaosema “kesho kila mtoto aje na manila, gundi na rangi” ni kumwadhibu mtu aliyekwisha funga duka lake la siku. Toa siku tano, na wikendi moja iwe ndani yake, ili anayekwenda sokoni Kongowea au Marikiti apate kununua kwa safari ileile. Andika idadi na ukubwa: karatasi moja ya manila, si “manila”. Kisha andika mbadala. Kifuu cha nazi, ukuti, kipande cha kanga kuukuu, boksi la sabuni, vyote vinafanya kazi ya Sanaa, na mtoto ambaye mamake hana shilingi hamsini wiki hiyo ataingia darasani na kitu mkononi kama wenzake.

Kwenye pesa, kuwa mwangalifu mara mbili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza karo ya masomo katika shule za umma, na michango mingine inahitaji idhini. Mtoto hawezi kukataliwa shule kwa sababu mchango haujalipwa. Kwa hiyo usiandike kamwe “asiyelipa asije”, hata kama umeambiwa hivyo kwa mdomo. Mwombe aliyekuagiza akuandikie. Majina ya wadaiwa hayaendi kwenye kundi. Mwenye deni anaandikiwa peke yake.

Maelezo ya Paybill (ya kuilipa shule kwa M-Pesa) yaandike kwa mpangilio ule ule wa simu: nambari ya biashara, nambari ya akaunti, kiasi. Akaunti iwe nambari ya usajili ya mtoto, si jina. Shule za hapa zina akina Mohamed Ali na Fatma Hassan chungu nzima, na karani akiona “Fatma” na shilingi 600 hana pa kuziweka. Mkumbushe mzazi asiufute ujumbe wa M-Pesa. Ile nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi ndiyo itakayotafuta pesa zikipotea.

Matangazo ya afya yanahitaji maneno zaidi, kwa kuwa penye kimya uvumi huingia. Ukitangaza dawa ya minyoo kwa mstari mmoja, siku hiyo watoto kadhaa watabaki nyumbani wamefichwa. Sema ni dawa gani, ni ya nini, nani anayeitoa na mtoto afanye nini kabla. Ya minyoo ya tumbo ni albendazo, kidonge kimoja cha miligramu 400 cha kutafuna. Ya kichocho ni prazikwanteli, na idadi ya vidonge hupimwa kwa urefu wa mtoto. Hii ya pili inachafua tumbo kwa aliye na njaa, kwa hiyo tangazo liseme kwa herufi kubwa: MTOTO ALE KABLA YA KUJA. Sema pia kwamba tumbo linaweza kuuma kidogo na kupoa siku hiyohiyo, na kwamba mwenye homa au anayetumia dawa nyingine amwarifu mwalimu kwanza.

Maradhi ya kuambukiza yaandike bila kumtaja mtoto. Macho mekundu yalipozagaa Mombasa mwanzoni mwa 2024, tangazo lililosaidia lilikuwa lile la kutoa amri chache: mtoto abaki nyumbani mpaka macho yaache kutoa uchafu, awe na taulo yake, anawe mikono kwa sabuni, asitiwe jichoni maji ya chumvi, chai wala dawa ya jirani, na akiumia na mwanga apelekwe zahanati. Onya waziwazi kuhusu vya kutia jichoni, kwa maana mtu hapendi kumtazama mwanawe akiteseka bila kumfanyia kitu.

Mvua ya masika usingoje inyeshe. Kuanzia Aprili hadi Juni, Mei zaidi, njia hujaa maji na wanaovuka Likoni huchelewa. Mwezi wa Machi kusanya karatasi ya kila mtoto yenye majina ya watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua, nambari zao za simu na za vitambulisho. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mlinzi wa geti. Shule ikiamua kuwaachilia mapema, ujumbe uwe mfupi: tunafunga saa ngapi, watoto wanangojea wapi, mpaka saa ngapi mwalimu atakuwa nao. Hilo la mwisho ndilo mzazi aliyekwama kivukoni analolitafuta. Asiyeandikwa kwenye karatasi hapewi mtoto, awe na tuktuk mlangoni au awe ni ami yake kweli. Mpigie mzazi kwanza.

Picha za watoto zina sheria yake ya mwaka 2019, ya kulinda data. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini.

Kwa Gredi 6, kabla ya kuandikishwa kwa KPSEA, mtihani wao wa kitaifa, kila mzazi apelekewe jina la mtoto jinsi lilivyoingizwa kwenye mfumo, alilinganishe na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi, arekebishe kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Aisha na Esha, Khadija na Hadija, Mohamed na Muhammad: nyumbani ni mtu mmoja, kwenye mfumo ni watu wawili, na kurekebisha baadaye ni safari nyingi za ofisini.

Kila tangazo libandike kwenye daftari moja, na tarehe na njia ulizotumia. Asubuhi ya siku yenyewe simama getini dakika kumi, uhesabu waliokuja wamekosea. Wakiwa wawili au watatu, zungumza na nyumba zao. Wakizidi hapo, fungua daftari ulisome tangazo lako upya, neno kwa neno, ukiwa na mmoja wa watoto hao kando yako, umuulize nyumbani walilielewa vipi. Andika jibu lake chini ya tangazo.