Moduli Haijalala Mpaka Mita Iseme Imelala

Ukianza kazi ya vifaa vya betri vinavyotuma taarifa kwa mtandao wa simu, mojawapo ya amri za kwanza utakazokutana nazo ni AT+CPSMS, inayoomba moduli (kipande cha kifaa chenye redio ya simu) iruhusiwe kulala ili kuokoa betri. Utaiandika, moduli itajibu OK, nawe utaamini kwamba betri sasa itadumu miaka. OK hiyo ina maana moja tu: moduli imepokea ombi lako. Mwenye kutoa ruhusa ya kulala ni mtandao.

Usingizi huu mzito, PSM (Power Saving Mode), uliingia kwenye viwango vya 3GPP, muungano unaoweka viwango vya mitandao ya simu, katika Toleo la 12; eDRX, usingizi mwepesi ambao moduli huamka kwa vipindi kuusikiliza mtandao, ikaja katika Toleo la 13, sambamba na NB-IoT na LTE-M, aina mbili za mtandao wa simu kwa vifaa vya namna hii. Ndani ya PSM moduli huzima redio yake, lakini mtandao bado unaitambua, kwa hiyo ikiamka haianzi usajili upya. Vipima muda viwili ndivyo vyenye usemi. T3324 ni muda ambao moduli hubaki ikisikiliza baada ya kumaliza mazungumzo na mnara, ukiisha, inalala. T3412 ni muda inaoweza kukaa kimya kabla ya kulazimika kuripoti kwamba bado ipo.

Hapa tulia, maana ndipo wanaoanza hupoteza siku nzima. Kila kipima muda huandikwa kwa biti nane: tatu za mwanzo ni kizio, tano zinazofuata ni idadi. Vizio vyenyewe havifanani. "00100001" kwenye T3412 ni saa moja; biti hizohizo kwenye T3324 ni dakika moja. Na mpangilio nao hugeuka: AT+CPSMS hutanguliza T3412, ilhali jibu la mtandao, unaloliona ukishaweka AT+CEREG=4, hutanguliza T3324.

Tuseme kifaa chako kinatuma kila baada ya saa 6. Unaandika:

AT+CPSMS=1,,,"00101100","00000101"

Umeomba T3412 ya saa 12 na T3324 ya sekunde 10. Kisha unauliza AT+CEREG? na kwenye nafasi ya T3324 unakuta "00100010". Mtandao umekupa dakika 2. Kila baada ya kutuma, moduli itasikiliza mara 12 ya muda uliopanga, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya. Nafasi za vipima muda zikiwa tupu kwenye jibu hilo, PSM hukupewa kabisa. Fanya programu yako isome jibu hilo kila inapojisajili, kwa sababu laini ikihamia mtandao mwingine, vigezo navyo vinaweza kubadilika.

Kwa nini saa 12, wakati unatuma kila baada ya saa 6? Kwa sababu T3412 huanza upya kila moduli inapomaliza kuzungumza na mnara. Ikiwa ndefu kuliko kipindi chako cha kutuma, haifiki mwisho, na hulipii ripoti tupu. Usiitegemee ikutumie data. Kazi yake ni kuujulisha mtandao tu.

Mtandao ukisharidhia, geukia bodi yenyewe. Moduli nyingi zikiwa ndani ya PSM hula mikroampia chache tu. Chukua 5: kwa siku ni mAh 0.12. Sasa iweke nyuma ya rigyuleta (kipande kinachoshusha na kutuliza volti) ya AMS1117, ambayo peke yake hula kama mA 5 hata pasipo mzigo. Hiyo ni mAh 120 kwa siku, na betri ya mAh 2,000 inaisha ndani ya siku 17 huku moduli imelala fofofo. Kagua pia taa za bodi na waya za UART, zinazopitisha data kati ya moduli na mikrokontrola, yaani kichakataji kidogo kinachoendesha kifaa. Mikrokontrola ikiacha pini yake ya kutuma juu, umeme hupenya hadi ndani ya moduli iliyozimwa. Ishushe au iachie kabla ya kulala.

Pima kwa kifaa kinachorekodi mkondo kuanzia mikroampia hadi mamia ya miliampia. Mita ya kawaida kwenye kipimo cha mikroampia ina ukinzani mkubwa: moduli ikianza kutuma, volti zinashuka nayo inajiwasha upya, nawe utadhani programu ina hitilafu.

Seva ikihitaji kukifikia kifaa wakati wowote, PSM haikufai, kwani ujumbe utasubiri mpaka kifaa kiamke. Angalia eDRX, ambayo mzunguko wake hufika takriban dakika 43 kwa LTE-M na karibu saa 3 kwa NB-IoT. Na usitegemee muunganisho wa TCP kusalimika baada ya usingizi wa saa nyingi; UDP na CoAP, zinazotuma bila kushikilia muunganisho, hukaa vizuri zaidi na kazi hii.

Jambo la mwisho huonekana vifaa vikishafungwa mahali pake. Mawimbi yakiwa dhaifu, NB-IoT hurudia kutuma ujumbe uleule, hadi mara 128 kwa upande wa kifaa, na hesabu ya betri uliyoifanya mezani inavurugika. Ndiyo maana kila pakiti ninayoituma hubeba nguvu ya mawimbi pamoja na sekunde ambazo moduli ilikuwa macho mara iliyopita. Kifaa kinachokaa macho kupita kiasi utakijua kwa jina ndani ya siku ya kwanza, betri ikiwa bado imejaa.