Una Gazeti na Unataka Kugombea? Anza na Daftari la Madeni

Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye gazeti la wiki huko mkoani alinipigia simu. Anataka kuchukua fomu ya udiwani, akaniuliza: picha yake aitoe ukurasa wa mbele mapema, au asubiri kampeni zianze? Nikamwambia, mdogo wangu, picha baadaye. Kwanza niambie kiwanda kinachokuchapia kinakudai kiasi gani, na deni hilo atalilipa nani ukishakuwa diwani.

Njia hiyo niliipita mwenyewe. Nilikuwa na gazeti dogo la kurasa nane, nikagombea, nikashinda. Miezi minne baada ya kuapa, halmashauri ikaleta tangazo la zabuni, nusu ukurasa. Sikuliomba. Lakini deni la uchapaji lilikuwa limenifika shingoni, na mke wangu, ambaye ndiye aliyeshika hesabu, akaenda kuchukua hundi. Kikao kilichofuata alisimama diwani wa chama changu mwenyewe, mtu niliyekula naye sahani moja wakati wa kampeni. Mkononi alishika gazeti langu, amelikunja tangazo likabaki juu. Akauliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, zabuni hii wametangaziwa wananchi, au amepewa diwani?" Ukumbi ukawa kimya. Sikuwa na jibu, na mpaka leo naamini alikuwa na haki ya kuuliza.

Baada ya hapo ndipo nilipomrudia Nnamdi Azikiwe, Zik wa Nigeria, mwenye magazeti aliyeingia siasa, niliyekuwa namsifu tangu nikiwa shule. Safari hii nilimsoma kama mwenye gazeti anavyomsoma mwenye gazeti mwenzake.

Zik aliporudi kutoka masomoni Marekani mwaka 1934 alikwenda Accra, katika Ghana ya leo, kuhariri gazeti la African Morning Post. Mwaka 1936 makala ya mwandishi Wallace-Johnson wa Sierra Leone, iliyotoka humo na kuhoji kama Mwafrika ana Mungu, ilimfikisha Zik mahakamani kwa uchochezi. Akahukumiwa kifungo cha miezi sita, kisha akaachiwa kwa rufaa mwaka uliofuata, kwa kuwa haikuthibitishwa ipasavyo kwamba ndiye aliyekuwa mhariri wa toleo lile. Ukisoma hapo utaelewa kwa nini nasisitiza sana kile kisanduku kidogo kinachotaja mmiliki, mchapishaji na mhariri. Wasomaji hawakitazami, mahakama inakitazama.

Novemba 1937, Lagos, akaanzisha gazeti lake, West African Pilot. Baadaye akafungua magazeti mengine Port Harcourt, Onitsha na Warri. Kwa hiyo mwaka 1944, yeye na mwanasiasa mkongwe wa Lagos, Herbert Macaulay, walipounda NCNC, chama cha kupigania uhuru, magazeti yalikuwa yameshawatengenezea njia: kwenye miji ile watu walikuwa wakimsoma kila siku kabla hajawaomba lolote. Hili nalipenda na nalikubali. Serikali ya kikoloni ilipolifungia Pilot wakati wa mgomo mkuu wa 1945, ilijua fika inachokiogopa.

Ila silaha ya namna hiyo haichagui. Mwaka 1948 Pilot na Daily Service, gazeti la wapinzani wake, yalirushiana maneno ya kikabila hadi watu wa pande zote mbili mjini Lagos wakaenda sokoni kununua mapanga. Kila ninapokaribia kuandika kichwa cha habari cha hasira, nayakumbuka mapanga hayo.

Tena kuna habari ya benki, na hapo ndipo nilipojiona. Zik alikuwa na benki yake, African Continental Bank, na ndiyo iliyokuwa ikiyakopesha magazeti yake. Alipokuwa Waziri Mkuu wa Jimbo la Mashariki, zaidi ya pauni 800,000 za umma ziliwekwa katika benki hiyo. Mwaka 1956 aliyeifichua habari hiyo hakuwa mpinzani. Alikuwa E. O. Eyo, mnadhimu wa serikali yake mwenyewe bungeni. Tume ya Jaji Foster-Sutton ikakaa, na Januari 1957 ikasema mwenendo wake haukufikia matarajio ya watu waaminifu na wenye busara. Zik alijitetea kwamba mabenki ya kigeni yaliwabana Waafrika mikopo, na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma. Alikuwa na sababu nzuri, kama mimi nilivyokuwa nayo, na sababu nzuri haikutenganisha mfuko wake na wa serikali. Akaikabidhi serikali ya jimbo hisa zake, akaitisha uchaguzi, akashinda, na mwaka 1963 akawa Rais wa kwanza wa Nigeria. Lakini swali la benki liliendelea kumfuata.

Basi ninachokushauri ni hiki. Kabla ya fomu, kaa na daftari: unadaiwa nini kiwandani, mawakala wamekushikia kiasi gani, mishahara ya miezi mingapi haijatoka. Lipa unachoweza. Kisha uza gazeti au likabidhi, kwa maandishi, kwa mtu asiyekula mezani kwako. Mkeo hafai, mdogo wako hafai, na usiniambie habari za mjomba. Watangazie wasomaji ukurasa wa pili kwamba umetoka. Na mhariri mpya umwambie mbele ya wafanyakazi wote kwamba ana ruhusa ya kukuandika, kwa sababu usipotamka hivyo hatathubutu.

Mimi nilifanya haya nikiwa nimeshachelewa. Nilirudisha pesa ya lile tangazo, nikawauzia gazeti waandishi wawili na kijana aliyekuwa akipanga kurasa, kwa malipo ya kidogo kidogo. Toleo la pili walilotoa bila mimi lilikuwa na picha ya barabara ya kata yangu, kalavati niliyoahidi haijajengwa, na jina langu kwenye maelezo ya picha. Nililikuta kwenye meza ya magazeti pale stendi. Mama muuzaji, ambaye miaka yote alikuwa akinipa nakala bure, alinisukumia moja. Nikamlipa, nikalikunja, nikaenda kwa mhandisi wa halmashauri kuulizia kalavati.